AC tatu za Mbezi Beach: ipi itengenezwe, ipi ing'olewe

Februari 2025, joto la Dar es Salaam likiwa lilelile usiku na mchana, familia moja ya Mbezi Beach iliniita nipitie upya hesabu waliyoandikiwa na fundi mwingine. Nyumba ina AC tatu, na zote zilikuwa zimegoma kwa wakati mmoja. Ya sebuleni, BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ilikuwa inapuliza upepo tu, baridi hakuna. Ya chumba cha wazee, BTU 12,000, ilikuwa inaunguruma nje sekunde chache kisha inanyamaza. Ya chumba cha wajukuu, BTU 9,000, haikuwaka tena tangu siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo.

Karatasi ya fundi ilikuwa fupi. Sebuleni: koili ya ndani (mabomba yanayopoza hewa) ya mtumba, kuchomelea na kujaza gesi, 620,000. Kwa wazee: kompresa (pampu inayozungusha gesi), 450,000. Kwa wajukuu: bodi mpya ya umeme ya mashine ya nje, 420,000. Jumla 1,490,000, nusu itangulie.

Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa na lake. Mzee alisema hizo mbili kubwa alizinunua mwaka 2011 kwa jasho lake, hazijawahi kumwangusha, zitengenezwe. Kijana wao mkubwa anaishi Muscat, mji ambao mtu hajadili kama AC inahitajika au la, na alishatuma ujumbe kwamba zing'olewe zote tatu, ziwekwe za inveta, zile zinazopunguza kasi zenyewe chumba kikishapoa, atalipa yeye. Mama hakuwa upande wowote. "Mwanangu, mimi nataka kulala tu," aliniambia, "hayo ya mashine mtajuana wenyewe."

Bei za madukani siku hizo, pamoja na kufungiwa, zilikuwa hivi: ya sebuleni 1,700,000, ya wazee 1,150,000, ya wajukuu 900,000. Kwa hiyo ushauri wa kijana ulikuwa wa shilingi 3,750,000, na wa fundi 1,490,000. Ukiangalia haraka haraka, fundi anashinda.

Ukitumia kanuni za mkato, anashinda pia. Iko kanuni inayosema matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, nunua mpya. Hapa hakuna yaliyofika nusu: koili ni kama asilimia 36, kompresa 39, bodi 47. Iko nyingine, maarufu kwa mafundi wa Marekani: zidisha umri wa mashine kwa gharama ya matengenezo kwa dola, ikivuka 5,000 badilisha. AC ya sebuleni ina miaka 14, na 620,000 kwa kiwango cha wakati ule ni kama dola 240. Jibu ni 3,360. Tengeneza. Hizo nyingine mbili zinaangukia chini zaidi. Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye nyumba zenye mfumo mmoja mkubwa wa kupoza na kupasha joto nyumba nzima, ambapo bili ya fundi ikiwa dola elfu moja hakuna anayeshtuka. Ukiileta kwa AC ya ukutani ya Dar itakwambia tengeneza mpaka Kiyama.

Lakini tatizo langu na kanuni hizi si dola. Zote mbili zinaanza na bei ya matengenezo kana kwamba bei hiyo ni ukweli uliothibitishwa. Mimi nilitaka kujua kwanza huyo aliyeandika 450,000 aliijuaje hiyo kompresa kuwa imekufa. Niliuliza kama alifunga geji za kupimia presha ya gesi. Hapana. Alifungua kifuniko? Alisikiliza.

Kompresa iliyosingiziwa kufa

Nikaanza na ya wazee, kwa kuwa Mama ndiye aliyekuwa hapati usingizi.

Kompresa ya AC ndogo ya kawaida, isiyo ya inveta, ina vituo vitatu: C (cha pamoja), S (cha kuanzia) na R (cha kuendeshea). Umeme ukizimwa, unapima ukinzani kati ya kila viwili. Hapa R na C ilisoma omu 2.9, S na C omu 4.1, na S na R omu 7.0. Jumla ya mbili za kwanza ni sawasawa na ya tatu, kama inavyotakiwa, maana yake waya za ndani hazijakatika wala kuungua. Nikapima kila kituo dhidi ya bodi ya chuma: hakuna kinachovuja. Kompresa ilikuwa nzima kwa kila kipimo ambacho mtu anaweza kuchukua bila kuipasua.

Iliyokuwa mbovu ni kapasita. Kwenye ubavu imeandikwa mikrofaradi 35. Baada ya kuitoa chaji na kuipima, ilisoma 19. Kapasita iliyopungua hivyo haina nguvu ya kuisukuma mota ianze kuzunguka. Mota inabaki kuunguruma, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, kinga ya joto inakata. Baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Ndiyo hadithi nzima ya ule mngurumo wa sekunde chache.

Kapasita mpya, 35,000 pamoja na kufunga. Kompresa ikaanza palepale. Mkondo ulitulia kwenye ampea 5.4, wakati kibao cha kiwandani kinasema 5.6. Presha ya upande wa kurudi ilikuwa psi 65, mahali pazuri kabisa kwa gesi ya R22. Baada ya dakika 20 hewa ilikuwa inaingia kwenye mashine ya ndani na nyuzi 29, inatoka na 17. Tofauti ikiwa kati ya 8 na 12, mimi huridhika. Hii ilikuwa 12 baada ya miaka 14, na gesi yake ni ileile iliyokuja nayo kutoka kiwandani.

Ninakaa sana hapa kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo familia nyingi hupotezea fedha na hazijui. Fundi angebadilisha kompresa, angefunga na kapasita mpya kwa sababu huwa zinaenda pamoja, AC ingewaka, na wote wangemshukuru. Hakuna ambaye angejua kwamba wamelipa 450,000 kwa kasoro ya 35,000. Na hasara isingeishia kwenye fedha. Kubadilisha kompresa ni kukata mabomba, kumwaga gesi yote, kuruhusu unyevu wa pwani uingie kwenye oili, kisha kuchomelea upya. Kama pampu ya vakyumu haikufanya kazi ya kutosha, na kwa vishoka mara nyingi haifanyi kwa sababu hawana, mashine iliyokuwa imefungwa vizuri miaka 14 ingeanza kujila yenyewe ndani.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa AC yoyote huwa moja: kasoro iko ndani ya mzunguko wa gesi au nje yake? Kapasita, feni, bodi, sensa, swichi, nyaya na bomba la maji yote yako nje. Hivyo vinabadilishwa bila kugusa gesi, na baada ya hapo mashine inarudi kuwa ileile iliyokuwa. Koili, kompresa, mabomba na maungio viko ndani. Huko kila tengenezo ni operesheni.

Sebuleni

AC ya sebuleni ni pacha wa ile ya wazee: kampuni moja, mwaka mmoja, gesi moja ya R22. Tofauti ni ukuta. Mashine ya nje ya wazee imejificha upande wa jikoni, nyuma ya ukuta wa jirani. Ya sebuleni imetazama bahari. Kuanzia Novemba hadi Machi kaskazi inavuma moja kwa moja kutoka majini na kuipulizia chumvi, na kwa miaka 14 hakuna aliyeiosha kwa maji yasiyo na chumvi hata siku moja.

Ilikuwa imejazwa gesi mara tatu katika miezi 14: 110,000, kisha 120,000, kisha 160,000. Kila mara fundi alisema "gesi imeisha". Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Ni ileile inazunguka, inageuka majimaji na kurudi kuwa hewa, mpaka mashine ife. Ikipungua, imetoka mahali, na kuijaza bila kutafuta tundu ni kulipia gesi ikapotelee angani.

Mashine ikiwa imezimwa na joto ni nyuzi 30, R22 inapaswa kusoma karibu psi 158, ilimradi bado ipo ya majimaji ndani. Ilisoma 70. Nikaivuta iliyobaki kwenye mtungi wangu, nikafunga valvu za mashine ya nje ili kutenganisha pande mbili, na kuingiza naitrojeni kavu psi 250 upande wa ndani. Baada ya saa moja ilikuwa 190. Maungio yote yalipita mtihani wa povu la sabuni. Nilipovua kifuniko cha ndani na kupaka povu kwenye koili yenyewe, mapovu yalianza kuchomoza polepole sehemu tatu tofauti, mbili kati yake katikati ya mapezi, yale mabati membamba ya koili, mahali ambapo huwezi kuingiza ncha ya mtungi wa kuchomelea bila kuharibu kila kitu jirani.

Tundu moja kwenye ungio ni bahati. Matundu matatu kwenye koili ni ugonjwa wa koili nzima. Shaba ya koili za kisasa ni nyembamba, na asidi nyepesi zinazotoka kwenye gundi za mbao, rangi na baadhi ya sabuni za usafi, zikikutana na unyevu wa koili, huitafuna kwa vijia vyembamba kama vya mchwa. Ukiziba matatu, la nne liko njiani.

Upande wa nje haukuvuja, ila ulikuwa na hali mbaya kuliko wa ndani. Mapezi ya alumini yaliyotazama bahari yalikuwa yamegeuka unga mweupe. Nilipoyapitisha kidole yalidondoka. Shaba na alumini zikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Bila mapezi, koili ya nje haiwezi kutupa joto. Presha inapanda, kompresa inachemka, luku inakwenda mbio, na chumba hakipoi.

Hebu sasa turudi kwenye ile 620,000. Ingelipa koili ya ndani ya mtumba, ambayo historia yake hakuna anayeijua. Ingeiunganisha na mashine ya nje iliyokwisha kuliwa. Ingeijaza R22. Kisha baada ya miezi kadhaa kompresa, iliyokuwa inafanya kazi kwenye joto lisilotoka, ingedai 600,000 yake. Hiyo kanuni ya nusu bei inahesabu tengenezo la leo tu. La kesho haliko kwenye karatasi.

Mzee alitoa hoja ambayo huwa naisikia sana: tubadilishe mashine ya nje tu. Kwa R22 hilo ni kutafuta mtumba mwingine wa umri uleule. Kufunga mashine ya nje ya gesi mpya kwenye koili ya ndani ya R22 haiwezekani, kwa sababu presha ya gesi mpya ya R410A ni kama mara 1.6 ya R22, R32 inafanana nayo, na oili ya gesi hizo ni ya aina nyingine.

Kuhusu gesi yenyewe

Bei ya R22 kupanda kutoka 110,000 hadi 160,000 kwa mjazo mmoja si tamaa ya fundi peke yake. R22 ni miongoni mwa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inaipunguza kwa hatua. Nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, matumizi ya gesi za kundi hilo yaligandishwa mwaka 2013, yakakatwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, na asilimia 67.5 kuanzia Januari 2025, yaani wiki chache kabla ya mimi kuitwa. Mwaka 2030 ni mwisho, isipokuwa mabaki madogo ya kuhudumia mashine za zamani hadi 2040. Mashine ya R22 isiyovuja haiathiriki na lolote kati ya haya. Inaendelea na gesi yake. Inayovuja inakuwa mteja wa kudumu wa bidhaa inayopotea sokoni.

Upungufu huo umeleta na mambo mengine. Ipo mitungi yenye rangi na maandishi ya R22 ambayo ndani yake ni mchanganyiko usioeleweka. Na wapo wanaojaza propani, gesi iitwayo R290, kwenye mashine za R22, kwa sababu inapoza vizuri na ni nafuu. Propani kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye gesi kidogo na swichi zisizotoa cheche, ni kitu kizuri. Kwenye AC ya mwaka 2011 yenye matundu matatu sebuleni, ni moto unaosubiri kiberiti. Kijana wa dukani alimpendekezea Mzee jambo hilo hilo. Nilimwomba asikubali hata akipewa bure.

Hesabu ya umeme, bila chumvi ya wauzaji

Wauzaji wa inveta husema utaokoa asilimia 60 ya umeme. Nilifanya hesabu na Mzee mezani, kwa kalamu.

Kibao cha AC ya zamani kinasema wati 1,850. Sebule inatumika kama saa 5 kwa siku. Ikiwa nzima, inapumzika kidogo, tuseme inafanya kazi asilimia 80 ya muda huo. Hizo ni uniti 7.4 kwa siku, 222 kwa mwezi. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa TANESCO aliyevuka matumizi madogo siku hizo ilikuwa karibu shilingi 357 pamoja na kodi na tozo. Inakuja kama 79,000 kwa mwezi. Inveta ya ukubwa uleule, chumba kikishapoa, inashuka. Nilikadiria wastani wa wati 950, uniti 142 kwa mwezi, kama 51,000. Tofauti ni 28,500 hivi. Miezi minane ya joto kwa mwaka, karibu 230,000.

Gawanya 1,700,000 kwa 230,000: miaka saba na ushei. Mzee akanitazama. "Sasa fundi, si ndiyo umenithibitishia nisinunue?"

Angekuwa sahihi, kama AC ya zamani ingekuwa nzima. Umeme peke yake ni sababu dhaifu ya kung'oa mashine inayofanya kazi, na hili wauzaji hawalisemi. Ila mashine yake ilikuwa imekula 390,000 za gesi katika miezi 14, yaani kama 330,000 kwa mwaka, na bei ilikuwa inapanda. Ukijumlisha na umeme, mashine mpya inarudisha fedha yake kwa takriban miaka mitatu. Hapo ndipo alipokubali, na alikubali kwa uchungu. Aliigonga ile mashine ya ukutani kwa kiganja mara mbili na kutoka nje.

Ile changa

AC ya wajukuu ilinunuliwa mwaka 2021. Ni ya inveta, gesi ya R410A, na mashine yake ya nje imekaa upande uleule wa jikoni, salama na chumvi. Ndiyo iliyonipa kazi kubwa zaidi ya kufikiri, kwa sababu bodi ya 420,000 kwa mashine ya 900,000 ni fedha nyingi, na bodi yenyewe ingeagizwa na kusubiriwa wiki tatu.

Kwa inveta kuna kosa moja ambalo linauma sana: kufunga bodi mpya kabla ya kupima kompresa. Kompresa yenye hitilafu inaweza kuunguza bodi mpya siku hiyohiyo, na hakuna duka linalorudisha. Kompresa ya inveta ina vituo U, V na W, na ukinzani kati ya kila viwili unatakiwa ulingane. Ulilingana. Hakuna uvujaji kwenda kwenye chuma. Presha ya gesi ilikuwa sawa. Kwa hiyo kasoro ilikuwa nje ya mzunguko wa gesi, mashine ni changa, koili ni safi. Hii inatengenezwa hata kwa nusu ya bei.

Haikufika huko. Bodi niliipeleka Kariakoo kwa fundi wa vifaa vya elektroniki ambaye anafungua bodi za inveta kila siku. Alikuta varista imepasuka, kifaa ambacho kazi yake ni kufa mwanzo pale umeme unaporudi na volteji kubwa, na daraja la dayodi nalo limeungua. Alitoza 110,000 na kutoa dhamana ya miezi mitatu. Kuifungua na kuirudisha ni 30,000 yangu.

Kisha nikafuata waya wa ardhi ili nihakikishe unafika unakotakiwa. Waya wa kijani ulitoka kwenye boksi la swichi, ukashuka ukutani vizuri, ukaingia chini ya zege la uani, na pale ulipotakiwa kukutana na nondo ya ardhi ulikuwa umekatwa. Mtu aliyemwaga zege alikutana na waya akaona unamzuia. Nyumba nzima ilikuwa haina ardhi, na hakuna aliyekuwa anajua. Nondo mpya na kuunganisha upya vilikuwa 70,000, na kifaa cha kulinda volteji kwa kila AC, kile kinachokata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuwasha tena, 45,000 kila kimoja.

Hoja ya Muscat

Kijana alipiga simu jioni. Alitaka kujua kwa nini tunahangaika na ya wazee wakati yeye yuko tayari kulipa. Na kwa kweli hakuwa na hoja mbaya. AC ya wazee inafanya kazi saa 8 kila usiku, muda mrefu kuliko ya sebuleni. Nilipiga hesabu ya aina ileile: inveta ingeokoa karibu uniti 71 kwa mwezi, kama 203,000 kwa mwaka. Tofauti kati ya kununua na kutengeneza ilikuwa milioni moja na ushei, hivyo ingejilipa kwa miaka mitano hivi. Inveta pia ni tulivu zaidi usiku, na Mama alikuwa hana raha na kelele.

Nilimwambia: ukitaka kuwapa wazazi zawadi, nunua, hutakuwa umekosea. Ukitaka kujua kama inahitajika, haihitajiki. Ina gesi yake yote, kompresa yake ni nzima, na kila mwaka inaoendelea ni mwaka ambao milioni hiyo imebaki mfukoni mwako. Mzee alimaliza mjadala kutoka kwenye kochi: "Mwambie hiyo yangu haitoki."

Kuchagua na kufunga

Duka la kwanza tulilokwenda lilitaka kutuuzia BTU 24,000 "kwa sababu Dar ni joto". Sebule ni mita za mraba 26. Kwa kadirio la BTU 600 kwa mita moja ya mraba, ambalo mafundi wengi hulitumia kuanzia, ni 15,600, na dirisha kubwa la magharibi linaongeza mzigo wa jua la jioni. 18,000 inatosha. AC kubwa kupita kiasi inafikisha nyuzi ulizoweka upesi na kupunguza kasi kabla haijakausha hewa, na kwa unyevu wa pwani unabaki na chumba chenye baridi ya majimaji.

Tulichukua ya R32. Inaongeza joto la dunia kama theluthi moja tu ya R410A kwa uzito uleule, na R410A nayo iko kwenye kundi ambalo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanalipunguza polepole. R32 inaweza kushika moto, ingawa kwa shida, kwa hiyo fundi asiyejua asiisogelee na moto. Koili ya nje tulidai yenye mapezi yaliyopakwa kinga.

Mashine ya nje haikurudi upande wa bahari. Tuliihamishia kwenye ukuta wa pembeni, bomba likawa la mita 6. Mabomba ya zamani yalikuwa yamefukiwa ukutani na yana oili ya R22 ndani, hivyo tuliyaacha humo na kupitisha mapya juu ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki. Mama hakuupenda huo mfereji. Anayo haki; haupendezi. Kupasua ukuta kungeongeza gharama na vumbi la wiki nzima.

Jumla ilikuwa hivi: sebuleni 1,700,000, kwa wazee kapasita na kuoshwa 65,000, kwa wajukuu 140,000, vifaa vitatu vya kulinda volteji 135,000, nondo ya ardhi 70,000. Shilingi 2,110,000. Ni zaidi ya karatasi ya fundi kwa 620,000, na pungufu ya ushauri wa kijana kwa zaidi ya milioni moja na nusu.

Mashine ya zamani ilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa 60,000, kwa ajili ya shaba. Mama aliichukua hiyo 60,000 akanunua pazia zito la dirisha la magharibi.

Ndani ya kifuniko cha AC ya wazee nimebandika karatasi yenye tarehe na vipimo vya siku ile: kapasita 35, ampea 5.4, psi 65. Fundi yeyote atakayekuja aanze na hizo namba. Chini yake nimeandika kwamba kasoro ikiwa ya umeme itengenezwe, gesi ikipungua isijazwe, aitwe kijana wa Muscat.